Pesa ya Nyufa

Somo: 2 Wafalme 12:4-16, 2 Mambo ya Nyakati 24:4-14

Kwa wale waliokuwa kazini au safarini Jumapili, na kwa wale waliokuwa ndani lakini mvua ikapiga mabati mpaka spika zetu zikashindwa, haya ndiyo tuliyohubiri, pamoja na machache niliyoongeza.

Yoashi alitawazwa akiwa mtoto wa miaka 7. Nyumba ya Mungu aliyoikuta ilikuwa na nyufa, kwa sababu wana wa Athalia walikuwa wameivunjavunja na kupeleka vyombo vyake kwa Mabaali. Mfalme akatoa agizo la wazi: pesa inayoletwa hekaluni ipokelewe na makuhani, nao watengeneze kila mahali palipobomoka. Sasa soma mstari wa 6 polepole. Mwaka wa 23 wa Yoashi umefika, na nyufa ziko vile vile.

Watu walikuwa wakitoa. Makuhani walikuwa wakipokea. Nyufa ziko pale.

Nataka tukae hapo kidogo, kwa sababu hapo ndipo familia nyingi zetu zimekwama. Angalia vizuri: Biblia haiwaiti makuhani wezi. Yoashi aliwaita akawauliza tu, mbona hamtengenezi? Pesa ya matumizi na pesa ya nyufa zilikuwa zikiingia mkono mmoja. Mtu yeyote aliyewahi kuweka hesabu za duka anajua itakuwaje. Njaa ina sauti, ufa hauna. Leo unga umeisha, kesho kuna msiba, keshokutwa karo, na ufa unangoja. Ile methali ya ufa na ukuta sote tunaijua tangu darasa la nne. Shida haijawahi kuwa methali.

Mwaka jana mama mmoja mjane wa kanisa hili aliniita nyumbani kwake. (Yeye na watoto wake wamesoma maandishi haya kabla hayajachapwa na wamekubali. Majina na mtaa nimeacha nje.) Nyumba ni ya mawe, mzee aliijenga miaka ya sabini, wakati stima ilikuwa ya balbu nne, redio na pasi. Mama aliniambia, "Mwanangu pasta, hii nyumba imeingiliwa." Ukigusa mfereji wa jikoni ukiwa miguu mitupu, unatetemeshwa. Usiku wa mvua taa zinafifia, zinawaka kupita kiasi, zinafifia tena, na hakuna aliyegusa swichi. Halafu kuna harufu kama ya samaki, na katika nyumba hiyo hakuna aliyepika samaki. Jirani mmoja alikuwa ameshamwambia mpaka jina la mtu aliyetuma hayo mambo.

Niliomba naye. Tulipomaliza nikauliza, fundi wa stima wa hapa ni nani? Sioni aibu kuandika hivyo katika jarida la kanisa la Kipentekoste. Nehemia 4:9, watu walimwomba Mungu na wakaweka walinzi usiku na mchana, na yote mawili yako katika mstari mmoja.

Fundi aliyekuja ni mtu mwenye leseni ya EPRA, mpole, haongei sana. Alipanda ngazi, akashuka, akatuita nje. Stima ya posti haikuwa na shida yoyote, jirani zote zilikuwa zinawaka vizuri. Shida ilikuwa njia ya kuingilia. Waya zinazotoka kwenye posti zilikuwa zimepasuka ngozi kwa jua la miaka mingi, na mvua inaingia ndani. Pale zinapokutana na waya za nyumba, chini ya paa, mtu alikuwa amesokota alumini na shaba pamoja bila kiunganishi chake. Metali hizo mbili zikipata unyevu huliana. Kiungo kinalegea, kikilegea kinapata joto, na joto linakilegeza zaidi. Zile taa za kufifia ni hapo. Ile harufu ya samaki ni hapo, ni mpira na plastiki ya waya inayopikwa.

Mita ilikuwa ya tokeni, mpya kabisa, lakini nyuma yake waya ni zile zile za mzee, nyekundu na nyeusi. Kwa boksi ya fyuzi mambo yalikuwa mabaya zaidi. Fyuzi ilikuwa na tabia ya kukatika kila mtu akiwasha instant shower, kwa hivyo mtu fulani alitoa ile waya nyembamba ya fyuzi akaweka kipande cha waya nene. Haikukatika tena! Piga hesabu: shower ya wati 5,000 kwa volti 240 inavuta karibu ampea 21 peke yake, kabla ya birika, kabla ya pasi, kwenye njia iliyokusudiwa balbu nne. Na ile fimbo ya ardhini nje ya ukuta, ambayo stima ikivuja inatakiwa iteremkie hapo, ilikuwa imeoza mpaka waya imeachana nayo. Kwa hivyo stima iliyovuja kwenye shower ilifuata bomba la maji mpaka jikoni, ikamngoja mama kwa mfereji.

Fundi akasema, "Kuanzia leo mama asiwashe hiyo shower." Hakusema zaidi.

Akaandika bei: boksi mpya, waya kubwa, fimbo ya shaba ya ardhini, kikatizo cha kuzima stima inapovuja, na kazi yake. Jumla shilingi 86,000. Waya ya kutoka kwenye posti mpaka kwa mita ni ya kampuni ya stima, na kufuli ya mita haifunguliwi na fundi wa mtaani, kwa hivyo hiyo iliombwa kando.

Tulipowaita watoto ndipo nikaona ufa wenyewe. Watoto ni watano. Kwa miezi 20, wanne na kifungua mimba wa tano, kila mmoja alikuwa ametoa shilingi 1,500 kila mwezi kwa ajili ya "nyumba ya mama", zote zikiingia kwa simu ya kifungua mimba. Hiyo ni 150,000. Waya zingebadilishwa na chenji ibaki. Kwa simu kulikuwa na shilingi 4,000.

Dada mmoja alikuwa amekuja na meseji zote za M-Pesa zimeandikwa kwa kitabu cha mazoezi. Kifungua mimba naye alitoa karatasi zake kutoka kwa mfuko wa koti: dawa za presha, bili ya maji, tokeni, matanga ya mjomba, paa la jikoni lililobebwa na upepo mwezi wa nne. Tuliketi nazo zaidi ya saa mbili. Karibu kila shilingi ilionekana ilikoenda. Mimi sikuona wizi pale, niliona makuhani wa mwaka wa 23. Lakini ndugu na dada hao walikuwa wamemaliza miezi sita bila kusalimiana, na mama yao alikuwa anaoga katika nyumba ambayo ingeweza kumuua.

Kitinda mimba, kijana mzuri, alikuwa na mpango wake. Mama anafikisha miaka 75, tumnunulie TV ya inchi 55. Pesa nusu alikuwa nayo. Simlaumu. TV wageni wanaiona wakiingia. Waya iliyo juu ya dari hakuna mgeni atakayeisifu.

Sasa turudi kwa somo. Yehoyada hakuhubiri dhidi ya makuhani. Alichukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu, upande wa kulia mtu anapoingia. Pesa ikiwa nyingi, wanakuja watu wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wanahesabu, wanafunga. Kisha inakwenda kwa wasimamizi wa kazi, nao wanawalipa maseremala, waashi, wachonga mawe, na kununua mbao na mawe yenyewe. Nilisoma digrii ya biashara na nawaambia, hakuna kitu nilichofundishwa kuhusu pesa za watu wengi kilicho bora kuliko huo mpango. Macho mawili ya kuhesabu. Pesa ya nyufa ina mlango wake.

Lakini mstari mgumu ni wa 8. Makuhani walikubali. Walikubali wasipokee pesa tena kwa watu, na wasiwe wao wa kutengeneza. Tunaupita haraka huo mstari, na ndani yake kuna wanaume waliokuwa na heshima ya kupokea wakaiweka chini mbele ya kila mtu.

Tulipomwambia kifungua mimba pesa ipitie mahali pengine, alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Kwa hivyo pasta, mimi ni mwizi." Nilimfungulia 2 Wafalme 12, nikamwambia, kaka, nionyeshe hapa neno mwizi liko wapi. Alisoma mara mbili. Hakukubali siku hiyo. Alikaa wiki mbili, na wiki hizo mbili mama alikuwa anapasha maji kwa jiko la makaa. Alipokubali hakuja akitabasamu, alituma meseji fupi kwa kikundi chao: sawa, fungueni. Aliomba kitu kimoja tu, siku stima ikikatwa awepo, kwa sababu ni yeye aliyemshikia baba yao ngazi siku stima ilipoingia nyumba hiyo, akiwa kijana mdogo.

Wakafungua akaunti ya watu wawili, yule dada wa kitabu na kaka wa tatu. Kila pesa ikiingia, wote watano wanapata ujumbe. Duka la vifaa lilipwe na akaunti, fundi alipwe na akaunti, hakuna pesa ya kupitia mfukoni. Kwa miezi mitatu ikatosha. Na TV? Mstari wa 13 unasema pesa ile haikutengenezewa vikombe vya fedha. Ukienda 2 Mambo ya Nyakati 24:14 utakuta vyombo vilitengenezwa, ndiyo, lakini kwa pesa iliyobaki baada ya kazi kuisha. Mungu hana chuki na vyombo. Ni foleni tu.

Mstari wa 15 hunisumbua mpaka leo. Wale wasimamizi waliopewa pesa ya kuwalipa mafundi hawakudaiwa hesabu, kwa sababu walifanya kazi kwa uaminifu. Mhadhiri wangu wa ukaguzi angenipa sifuri. Naona hivi: hesabu kali iliwekwa pale pesa inapolala, na mahali kazi inapoonekana kwa macho, sifa ya mtu ilitosha. Bado nawaambia chukueni risiti! Lakini fundi wa mama alirudisha mita 6 za waya iliyobaki na shilingi 1,150, bila kuulizwa, na nimekutana na watu wanaotumikia madhabahuni ambao bado hawajafika hapo.

Siku ya kazi, stima ilikatwa asubuhi ikarudi karibu saa kumi. Fundi alipima waya kabla ya kuwasha, akabonyeza kile kikatizo mbele ya mama mara tatu kumwonyesha kinavyozima chenyewe. Mama akaenda jikoni miguu mitupu, hakungoja kuambiwa. Aligusa mfereji kwa kidole kimoja, kisha kwa kiganja, akaushika. "Kumbe ni maji tu," akasema.

Nisiache bila kugusia roho. Sisi ni watu wa nguvu, tunakesha tukiomba nguvu, na Matendo 1:8 ni ahadi yetu. Lakini kila siku tunaomba mzigo zaidi kwenye waya ile ile. Muumini wa miezi minne tayari ni kwaya, ushauri wa vijana, mkesha na ulinzi wa geti. Na ile fyuzi nakuomba uifikirie ukiwa peke yako. Mke wako anakuambia jambo, unakasirika, anaacha kusema. Dhamiri inakukatiza kila ukienda mahali fulani, mpaka umeitafutia waya nene, na sasa unaenda na haikatiki. 1 Timotheo 4:2 inazungumzia dhamiri iliyochomwa mpaka haisikii. Mtu wa namna hiyo huwa anasema ana amani.

Jumamosi ya tarehe mbili mwezi ujao, idara ya wanaume pamoja na mafundi wawili wenye leseni watatembelea nyumba za wajane na wazee wa kanisa kuangalia stima, kuanzia saa tatu asubuhi. Ukijua nyumba ambayo taa zinafifia mvua ikinyesha, soketi inapata joto, mfereji unatetemesha au fyuzi imefungwa kwa waya ya kienyeji, leta jina ofisini kabla ya Jumatano, usijaribu kupanda huko juu mwenyewe. Mafundi hawatagusa mita wala waya za posti, hizo tutawasaidia kuandikia kampuni. Sanduku la kazi hiyo liko mlangoni, upande wa kulia ukiingia. Lina kufuli mbili, funguo moja kwa mweka hazina na nyingine kwa mwenyekiti wa akina mama, na litafunguliwa mbele ya watu Jumapili baada ya ibada ya pili.