Mnyama Asiyeweza Kazi Tena

Somo: Hesabu 22:21-33



Habari ya punda wa Balaamu twaijua tangu Shule ya Jumapili, nasi twaipenda kwa sababu punda alisema. Watoto hucheka wafikapo hapo, na wakubwa nao hutabasamu. Lakini tukiisoma polepole twaona kwamba, kabla punda hajafunguliwa kinywa, lipo jambo lisilochekesha. Punda huyu aliacha kufanya kazi. Mara ya kwanza aliiacha njia akaingia shambani. Mara ya pili alijisonga ukutani, akamwumiza bwana wake mguu. Mara ya tatu alilala chini kabisa. Na kila mara Balaamu alifanya jambo lile lile: alimpiga. Hakushuka kumtazama, wala hakujiuliza, ana nini leo mnyama huyu? Alisema kwa kinywa chake kwamba angekuwa na upanga angemwua.

Bwana alipomfungua kinywa, punda hakuanza na habari ya malaika aliyemwona njiani. Alimkumbusha bwana wake miaka yao. Alimwuliza kama siye yeye aliyempanda siku zote, na kama aliwahi kuwa na desturi ya kumtenda hivyo. Balaamu akajibu kwa neno moja, la. Ndipo na macho yake yeye yakafunguliwa, akaambiwa na malaika kwamba kama punda asingaligeuka, yeye Balaamu angaliuawa, na punda angaliachwa hai.

Tumelichagua somo hili kwa ajili ya wanyama tunaoishi nao majumbani, na hasa wale waliopatwa na ulemavu: mbwa aliyepoteza mguu, paka aliyepofuka, mbwa mzee asiyesikia tena akiitwa. Huku kwetu Kibondo na Kasulu mbwa hafugwi kwa mapambo. Usiku hulinda nyumba, mchana huenda shambani kufukuza nyani, ngedere na nguruwe pori wasimalize mahindi na mihogo. Paka naye huwekwa kwa ajili ya panya wa ghalani. Ni wafanyakazi. Basi siku mbwa anaporudi kutoka porini akiburuta mguu ulionaswa na mtego wa waya, au anapogongwa na pikipiki barabarani, swali la kwanza nyumbani huwa si la maumivu yake. Huwa ni hili: atatufaa nini sasa?

Tunajua yanayofuata. Mmoja huacha kupewa chakula mpaka aondoke mwenyewe. Mwingine hutiwa guniani akaachwa ng'ambo ya mto. Mwingine hubaki kijijini bila mwenyewe, akawa shabaha ya mawe ya watoto watokao shule. Sisi tuliofundisha watoto miaka mingi hatuwezi kuliita hilo mchezo. Mtoto aliyeruhusiwa kucheka mwendo wa mbwa anayechechemea hujifunza kucheka mwendo, na kesho yake yumo darasani pamoja na mwenzake atembeleaye gongo. Hatusemi kwamba mtu mwenye ulemavu ni sawa na mbwa, la hasha. Mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Tunasema jicho linalotazama ni lile lile, nalo lafundishwa mapema.

Tena jicho hilo lina historia katika mkoa wetu. Misafara iliyotoka Ujiji kwenda pwani ilimpima mtu kwa mzigo wake na miguu yake. David Livingstone aliandika jinsi mwaka 1866, karibu na mto Ruvuma, alivyomkuta mwanamke amefungwa kwa shingo kwenye mti, naye amekwisha kufa. Aliambiwa kwamba hakuweza kwenda sawa na watumwa wenziwe. Waliosimama kupinga biashara hiyo huko Uingereza ni pamoja na William Wilberforce, na sheria ya kuikomesha katika milki ya Kiingereza ilipita mwaka 1807. Si wengi wanaojua kwamba mwaka 1824 Wilberforce huyo huyo alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, mjini London. Aliyewakusanya alikuwa kasisi wa Kanisa letu la Kianglikana, Arthur Broome. Kasisi huyu aliacha kazi ya parishi yake ili akitumikie chama hicho, na mwaka 1826 akatiwa gerezani kwa sababu ya madeni ya chama. Watu wakicheka kusikia mhubiri akitaja mbwa, na wamkumbuke Broome gerezani.

Sasa tufungue Samweli wa Pili, sura ya tisa. Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, alikuwa na ulemavu wa miguu yote miwili, kwa kuwa yaya wake alimwangusha alipokuwa akikimbia naye, naye alikuwa mtoto wa miaka mitano. Daudi alipomwita, alikuja kwa hofu, akaanguka kifudifudi, na neno alilolitumia juu ya nafsi yake ni zito: alijiita mbwa mfu. Alishangaa mfalme amtazame mtu kama yeye. Tuangalie jibu la Daudi. Hakubishana naye juu ya neno hilo, wala hakumpa hotuba ya kumtia moyo. Alimwita Siba mtumishi akatoa amri juu ya mashamba: nani alime, mazao yaende wapi, Mefiboshethi ale wapi. Upendo wake ulikuwa na jembe na sahani. Nayo sura inapomalizika, mwandishi anatuambia mara ya pili kwamba Mefiboshethi alikuwa kiwete wa miguu yote miwili. Tulikwisha kuambiwa, mbona anarudia? Twaamini ni kwa sababu miguu haikupona. Alikula mezani pa mfalme siku zote, nayo miguu ikabaki vile vile. Daudi hakuwa akingoja faida. Alikuwa akitimiza agano alilofanya na Yonathani.

Je, tuna agano lo lote na wanyama? Mwanzo 9 hutuambia kwamba baada ya gharika Mungu alifanya agano na Nuhu na uzao wake, na pamoja nao kila kiumbe hai kilichotoka katika safina: ndege, mnyama wa kufugwa, na mnyama wa mwitu. Hapo hapaulizwi habari za miguu. Naye mbwa wa nyumbani yumo kwetu kwa sababu zaidi. Sisi ndisi tuliomchukua kwa mama yake akiwa mtoto, tukamzoeza sauti zetu, tukamfanya asiweze kuishi porini kama mbweha. Amepoteza mguu akiwa katika kazi tuliyomtuma. Hapo ndipo swali la punda linatufaa: je, huyu si yule uliyekuwa naye siku zote?

Yupo atakayefungua Malaki 1:8 na kutuonyesha kwamba Mungu alikataa wanyama vipofu na viwete madhabahuni pake. Ni kweli, lakini tutazame Mungu alimkasirikia nani. Aliwakasirikia watu waliomletea yeye kile wasichothubutu kumpelekea liwali wao. Hakuna neno la kumlaumu kondoo. Wala hatusemi kwamba mbuzi aliyevunjika mguu asichinjwe akaliwa. Kumbukumbu la Torati 15 iliruhusu mzaliwa wa kwanza wa ng'ombe au kondoo mwenye kilema aliwe nyumbani, na sisi sote tumekula mbuzi wa namna hiyo kwa shukrani. Shida yetu ni yule asiyeliwa na asiyeweza kazi. Kwake yeye hatuna sababu yo yote ya kumweka isipokuwa huruma, na kwa hiyo ndiye anayetupima.

Wengine hutuambia, watu wenyewe hawajashiba, nanyi mwahubiri habari za mbwa? Swali hili ni la haki, hasa miezi ile akiba imekwisha na mahindi mapya hayajakomaa. Hatumwambii mtu atoe chakula cha mtoto. Bwana wetu alilizungumza jambo hili na yule mama Msirofoinike, naye mama akamjibu kwamba hata mbwa walio chini ya meza hula makombo ya watoto. Neno la Kigiriki hapo ni la mbwa wadogo wa nyumbani. Walikuwa ndani, chini ya meza. Ukoko wa ugali, vichwa vya dagaa, maji ya kuoshea sufuria, haya ndiyo twasema. Mbwa wa miguu mitatu hali zaidi ya mbwa wa miguu minne.

Tena twakosea mara nyingi kudhani kwamba ulemavu na mateso ni kitu kimoja. Mbwa hubeba zaidi ya nusu ya uzito wake kwa miguu ya mbele, hivyo aliyepoteza mguu wa nyuma huzoea upesi, na hata wa mbele wengi huzoea. Jirani yetu mmoja alikuwa na mbwa aliyekatika mguu wa mbele kwa waya, naye alifukuza ngedere misimu kadhaa baada ya hapo, ijapokuwa aliwafikia wamekwisha kupanda mti. Waya ni jambo la kuangaliwa: hudidimia ndani ya ngozi na manyoya huuficha, basi mbwa akirudi amevimba mguu au shingo, papasa kwa vidole kabla hujasema ni ugonjwa. Kipofu, awe mbwa au paka, huihifadhi nyumba kichwani. Usihamishe chungu chake cha maji, na umwite kabla hujamgusa. Kiziwi usimwamshe kwa kumshika, maana atashtuka aume. Piga mguu chini ili asikie mtikisiko. Aliyepooza nyuma ana kazi kubwa zaidi: ageuzwe, alaziwe nyasi kavu, aoshwe, inzi wasitage katika vidonda. Si kila nyumba itaiweza kazi hii, nasi hatutamhukumu asiyeiweza.

Jambo moja tusilichanganye na ulemavu. Mbwa aliyekuwa mzima, kisha kwa ghafula akaanza kuyumba, taya likalegea, mate yakamtoka, au akabadilika tabia, huenda ana kichaa cha mbwa. Huyo asiguswe, aitwe bwana mifugo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, maana dalili zikishatokea ugonjwa huu huua. Chanjo ya mbwa yafaa ipewe hata kwa kiwete na kipofu. Tena yule tuliyemtupa ng'ambo ya mto ndiye asiyechanjwa na mtu, na watoto wa huko ni watoto wa jirani zetu.

Limebaki swali gumu, nalo huulizwa kwa sauti ya chini: je, ni dhambi kumwua? Mbwa aliyepondwa kiuno na gari, anayelia usiku kucha, asiyekula wala kunywa, na hakuna dawa itakayomfaa, hatuoni kwamba Mungu anatudai tumwache afe kwa siku nyingi ili sisi tujione wema. Lakini na tuulize kwanza: anakula? Akiitwa, anataka kuinuka? Kidonda chakauka? Kama ndivyo, anayechoka ni sisi, na uchovu wetu si sababu ya kumwua. Na kama sivyo, kazi hiyo ni ya bwana mifugo, mwenye dawa na ujuzi. Si ya sumu ndani ya nyama, wala ya marungu, wala ya kundi la vijana. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili. Lakini hata kama isingekuwapo, Mithali 12:10 tunayo.

Kazi hiyo asipewe mtoto. Tumesikia baba anamwambia mwanawe ampeleke mbwa porini na arudi peke yake, eti awe mwanamume. Mwenye nyumba na aende mwenyewe. Na awepo yule ambaye mbwa amemzoea, amshike kichwa, amsemeshe kwa jina lake mpaka iishe. Kisha achimbiwe shimo refu, mbali na kisima, fisi wasimfukue. Watoto wakitaka kuimba hapo, waachwe waimbe.