NI BOGA TU?

Kijana rafiki yangu,

Tuseme ni tarehe 31 Oktoba, saa kumi jioni, hapa hapa Ngaramtoni. Umekaa kijiweni tangu asubuhi na mfukoni hakuna kitu. Anakuja mwenye baa moja ya kando ya barabara ya Namanga, anakuita: "Wewe si ndiye unayejua umeme kidogo? Njoo unifungie maboga."

Unadhani ni maboga ya kupika. Unafika, unakuta boksi limejaa maboga ya plastiki ya rangi ya chungwa, kila moja limetobolewa macho ya pembetatu na mdomo wenye meno ya ovyo ovyo. Kuna popo wa karatasi nyeusi. Kuna fuvu. Na chini kabisa ya boksi kuna kikaragosi cha bibi kizee, pua ndefu, mgongo umepinda, amepanda ufagio. Kazi yako ni kutia taa ndani ya maboga, kuyapanga ukutani, kutundika vingine langoni, na giza likiingia uwashe swichi. Usiku wa leo ni sherehe ya Halloween. Wageni watatoka mjini, na machalii wa hapa watakuja na vinyago usoni. Mshiko utapewa palepale.

Je, uwashe?

Najua utakavyonijibu. "Aa, ni boga tu!"

Hebu tukae kidogo na hilo neno TU. Lina herufi mbili, lakini limebebeshwa mizigo kuliko punda wa siku ya soko. Ni utani tu. Ni chupa moja tu. Nilimsindikiza tu. Chunguza utaona: mtu anayesema "tu" anakuomba usiangalie zaidi ya hapo. Basi sisi leo tuangalie.

Wapo watakaokuambia usiliguse boga lile kwa kuwa lina pepo ndani. Mimi sikuambii hivyo. Nimeligeuza boga la namna hiyo mikononi, nikachungulia ndani: kuna taa ndogo na betri bapa mfano wa kifungo cha koti. (Kama unataka kuogopa kitu, ogopa hiyo betri. Mtoto mdogo akiimeza ikakwama kooni, yaweza kumuunguza kwa ndani katika muda wa saa mbili tu, na hapo ni kumkimbiza hospitali mara moja.) Plastiki haina masikio wala haina nia. Na anayetetemeka mbele ya plastiki ameipa heshima isiyostahili.

Wala usiniambie "ni mambo ya Wazungu" halafu ukaona umemaliza hoja. Boga lenyewe asili yake ni Amerika, lilivuka bahari karne nyingi zilizopita. Leo mama zetu wanalipanga juu ya gunia pale sokoni, majani yake tunapika mboga, mbegu zake tunakaanga, na hakuna anayeuliza pasipoti yake. Kitu hakiwi kibaya kwa kutoka mbali.

Habari ya boga lenye sura ni hii. Huko Ireland, usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba, ambayo ni Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu walichonga sura za kutisha kwenye tanipu, mzizi wa chakula mfano wa figili kubwa, wakatia moto ndani. Hata jina Halloween lina maana ya mkesha wa watakatifu. Walisimulia hadithi ya mlevi mmoja aliyeitwa Jack, mjanja aliyemhadaa hata Shetani. Alipokufa akakataliwa mbinguni, na kule kwingine nako akafungiwa mlango. Akapewa kaa la moto, akalitia ndani ya tanipu, na mpaka leo eti anatangatanga gizani nalo. Kisha ikaja njaa kuu ya mwaka 1845 na miaka iliyofuata. Waairishi wapatao milioni moja walikufa na wengine zaidi ya milioni wakahama nchi, wengi wao wakienda Marekani. Kule wakakuta boga: ni kubwa, ni laini, kulichonga ni rahisi. Tanipu likasahaulika. Plastiki imekuja juzi juzi.

Ndugu yangu, mtu aliyefungiwa milango yote miwili! Hadithi ile ina huzuni ndani yake kuliko kicheko. Lakini tusikawie hapo.

Swali lako si geni. Katika karne ya kwanza, kule Korintho, mji wa Ugiriki, watu waligombana kwa jambo linalofanana na hili. Nyama nyingine ya sokoni ilikuwa imetolewa kwanza mbele ya sanamu. Je, mtu aile au asiile? Paulo akawaandikia waraka. Hakuwatisha. Alikubali waziwazi kwamba sanamu si kitu. Lakini akaligeuza swali: usiitazame nyama peke yake, mtazame na yule anayekuona ukila, ambaye kwake yeye sanamu bado ni kitu. Huhitaji kuwa mtu wa kanisani ili uone kwamba hapo aligusa penyewe. Jambo moja laweza kuwa jepesi mkononi mwako na likawa zito kichwani kwa jirani yako.

Basi tuulize: nani ataliona boga lako likiwaka?

Utasema, mbona Marekani watoto wanavaa vinyago vya wachawi, wanapita mlango kwa mlango wakiomba peremende, na hakuna anayedhurika? Ni kweli. Lakini haikuwa hivyo siku zote. Katika mji wa Salem, Massachusetts, mwaka 1692, watu 19 walinyongwa kwa kosa la uchawi. Hawakuwa wachawi. Walikuwa majirani. Leo mji ule ule hujaa watalii kila Oktoba wanaokuja kucheza Halloween. Yaani kwao hofu ile ilikufa kwanza, ndipo ikageuzwa mchezo. Hofu yao ina swichi: wanaiwasha saa moja usiku, wanaizima saa nne, wanakwenda kulala.

Ya kwetu je? Ina swichi?

Mwaka 1995 Pemba na Unguja zililipukiwa na hofu ya popobawa. Ilisemwa ni kiumbe chenye mbawa za popo, kinaingia nyumbani usiku na kuwadhulumu watu vitandani. Watu wazima, wenye akili zao, walilala nje kwa makundi, wamezunguka moto, ili wasikutwe peke yao. Hofu ile ilipotafuta sura ya kuvaa, mjini Zanzibar ilimpata mgonjwa wa akili. Kundi la watu likamuua, kwa kudhani ndiye. Fikiri hapo, kijana. Hakukuwa na boga, hakukuwa na plastiki, hakukuwa na tiketi ya mlangoni.

Na bara? Unajua habari za vikongwe wa Shinyanga na Mwanza. Bibi amepika kwa moshi wa kuni miaka hamsini, macho yamekuwa mekundu. Mtoto wa jirani akifariki, macho yale yanakuwa ushahidi. Tunayo Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928, enzi za Mwingereza, na bado Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kiliripoti, mwanzoni mwa miaka ya 2010, mamia ya watu kuuawa kwa mwaka kwa imani hizo, wengi wao wanawake. Usijitoe ukasema hayo ni ya kule Usukumani. Minong'ono inajua kupanda basi.

Hapa lazima nikutendee haki, maana mna hoja nzuri nanyi. Kijana mmoja aliniambia: "Lakini si kicheko ndicho kinachoua hofu? Ukimcheka mchawi wa plastiki, hutamwogopa tena mchawi." Nilikaa kimya muda mrefu. Ana sehemu ya ukweli. Fuvu lile la kwenye boksi, licheke! Kila mmoja wetu analo moja chini ya nywele zake, halimnyooshei mtu kidole. Popo naye ni mnyama wa usiku, mwacheni. Boga lenye meno ya ovyo linafanana na mimi nikiamka asubuhi.

Lakini yule bibi kizee mwenye ufagio, rafiki yangu, huyo ni jambo jingine. Ukimcheka, unamcheka nani? Mgongo ule uliopinda ni wa mtu. Pua ile, mikunjo ile, upweke ule, ni sura ya mtu aliyezeeka bila wa kumtetea. Kicheko kinaua hofu pale mnyonge anapomcheka mwenye nguvu. Mwenye nguvu akimcheka mnyonge, hofu haifi, inapata miguu tu. Ndiyo maana nakataa kusema vitu vyote vya boksi lile ni sawasawa. Ukiniuliza mimi, hata maboga ningeyaacha. Sioni raha ya kumfundisha mtoto kushtuka usiku. Hilo ni langu, unaweza kunibishia. Kuhusu bibi sikubishani nawe.

"Mimi nimefunga waya tu," utasema. "Sherehe si yangu." Ee, lile neno limerudi! Naamini ungewahoji waliokuwamo kwenye kundi lile la Zanzibar, mmoja angekuambia alipiga kelele tu, mwingine alikimbia na wenzake tu, mwingine alisimama kuangalia tu. Mtu akafa. Sisemi kwamba wewe na wao ni kitu kimoja, na deiwaka hachagui kazi kama anavyochagua shati, hilo nalijua. Ila mwenye baa hatakuwepo langoni saa ile, atakuwa kaunta anahesabu. Mkono unaotundika ni wako.

Wazee husema ukipenda boga, penda na ua lake. La plastiki halina ua. Ila lina kinachofuata baada yake, na hicho ndicho ninachokuomba ukitazame kabla hujawasha.

Maana nyuma ya ile baa, vichochoro viwili tu kuelekea upande wa mlimani, anakaa bibi mmoja. Usiniulize jina, kila mtaa unaye. Mumewe alishafariki, watoto wako mbali, macho yake mekundu. Mwezi wa nne mtoto wa nyumba ya jirani aliugua ghafla akafariki, na tangu hapo akina mama wakimwona wanashusha sauti. Machalii wakitoka kwenye sherehe usiku, wamekunywa, vinyago usoni, na wametoka kupiga kelele "mchawi! mchawi!" chini ya kikaragosi chako, njia yao inapita mlangoni kwake.

Unaweza kumwambia mwenye baa, "Bosi, maboga nimefunga yote, huyu bibi nimemwacha kwenye boksi." Labda atacheka. Labda atakukata fedha kidogo. Labda atauliza kwa nini, na wewe utapata nafasi ya kumwambia.

Sasa ni saa kumi na mbili na nusu. Jua limezama, wingu limeufunika Mlima Meru, Hiace za kutoka mjini zinashusha watu. Bibi anarudi na mbuzi wake wawili, anapita palepale mbele ya lango, anakuamkua kama kawaida yake kabla hujamwamkia. Maboga yako tayari. Swichi unayo mkononi.

Kile kikaragosi kiko wapi?