Kuku ya Koko: je, ni haki kukataa nyama ya ukaribisho?

Ndugu wasomaji, katika kitabu hiki tumezoea kusifu desturi za wazee wetu, na ni vizuri. Leo naomba ruhusa nilete matata yenye iliingia katika jamaa yangu mwenyewe, maana inagusa desturi moja tunayoipenda sana: kumchinjia mgeni.

Mwana wangu mkubwa anasoma chuo kikuu kule Bukavu. Anapanga chumba kimoja Kadutu pamoja na wenzake wawili. Sikukuu ya mwaka mpya tulipanda naye mlimani kusalimia mama yangu mzazi. Mama alikuwa na kuku mbili tu. Alipoona mjukuu wake, hakuuliza mtu: alikamata moja, akachinja. Chakula kilipofika, kijana alishika sahani kwa mikono miwili kama inavyofaa, kisha akasema pole pole: «Koko, unisamehe. Miye sikulake tena nyama.»

Mama alifikiri ni mgonjwa. Alipoelewa kwamba si ugonjwa, aliuliza neno moja tu: «Mukono yangu inanuka?» Hakuna aliyejibu. Sisi wengine tulikula, lakini chakula hakikushuka. Na kesho yake ndipo nilijua kwamba kuku ile ilikuwa inataga.

Usiku ule nilitaka kumgombeza. Lakini sisi walimu tunawafundisha watoto kuuliza «ju ya nini?» mbele ya kuhukumu. Basi nikauliza.

Chakula cha mwanafunzi

Jibu lake la kwanza lilinichekesha. «Baba, kwanza ilikuwa ju ya pesa.» Nani asiyejua maisha ya mwanafunzi wetu? Mbabula moja, sufuria moja, makala ya kuhesabu. Maharagi wanayalowesha tangu usiku ili yaive mbio na makala isiishe. Sombe wanaitia karanga na mafuta ya mawese, lengalenga wanaipika na nyanya na kitunguu, bugali inafuata. Nyama wanaiona siku ya karamu ya mtu. Kwa hiyo bila kujua, wanafunzi wetu wengi ni karibu ndugu wa wale wanaoitwa «végane», jina lililoundwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake kwa watu wasiokula nyama, wala samaki, wala mayai, wala maziwa.

Lakini jibu la pili halikunichekesha. Kila asubuhi akienda masomoni, anakutana na pikipiki za kuku: kuku makumi wamefungwa miguu, vichwa chini, macho yanatazama barabara. Anaona mbuzi wanatupwa juu ya lori kama mifuko ya mihogo. Siku moja kuku mmoja alianguka mbele yake, mguu umevunjika, na mwenyewe akamwokota, akamning'iniza tena kwa mguu ule ule. «Tangu siku ile, baba, nyama ikanishinda.» Yeye na wenzake wachache wakaanza kupita sokoni kusemesha wauzaji: mubebe kuku ndani ya vitunga, muwape maji, mbuzi asivutwe kwa mguu.

Mama mmoja muuzaji aliwajibu neno ambalo wengi wetu tungelisema: «Mu inchi hii batu banakufa, nanyi munalilia kuku?»

Je, wazee wetu hawakujinyima?

Mbele ya kujibu mama yule, tuangalie neno ambalo watu walinirudishia kijijini: «Hiyo ni desturi ya wazungu.» Mimi sikubali. Kwetu mtu kukataa nyama fulani si jambo jipya. Kuna jamaa zenye muziro wao: mnyama wasiyemgusa, na hakuna anayewacheka. Ndugu Waadventista hawali nguruwe, Wakimbangu pia. Ndugu Waislamu wanaagizwa kunoa kisu vizuri ili mnyama asiteseke. Na sisi tunaosoma Biblia, Mithali sura ya 12 inatuambia kwamba mwenye haki anaangalia uhai wa mnyama wake.

Tofauti ni hii. Muziro ulilinda ukoo. Haukuuliza kama mnyama anasikia maumivu. Tena mara nyingi kujinyima kulikuwa kunyimwa: katika milima yetu mingi mwanamke hakula mbuzi, akaambiwa atatoka ndevu, na firigisi ya kuku ilikuwa ya baba peke yake. Njo maana ninasema si kila kujinyima ni wema. Kujinyima kuna thamani kama mtu amekuchagua mwenyewe. Kama mtu anaukata mkono wa mwengine kwenye sahani, hiyo si adabu, ni uonevu.

Kwa hiyo namwambia mwana wangu na wenzake vile vile: chakula chenu kisiwe sheria ya wote. Mtoto wa mlimani anayekula muhogo peke yake anavimba kwa kwashiorkor. Mama yake akipata yai au sambaza ya kumpa, tumshukuru Mungu. Hata kwa mkubwa, maharagi na karanga vinajenga mwili, lakini vitamini B12 haipatikani katika majani wala nafaka. Anayeacha vyote vya mnyama lazima aitafute kwa vidonge. Huruma bila akili inaweza kuua.

Batu banakufa

Sasa neno la yule mama. Ni neno zito. Sisi watu wa Kivu tangu 1996 tumezika wengi, na mazizi mengi yalibaki matupu, ngombe wakachukuliwa na wenye bunduki. Nani ana haki ya kutuambia tulie kwa ajili ya kuku?

Nimefikiri sana, na naona kosa liko katika hesabu. Yule mama anahesabu huruma kama unga ndani ya mfuko: ukimpa kuku kikombe kimoja, mtu atakosa kikombe kimoja. Lakini huruma si unga. Inafanana zaidi na mkono wa mfinyanzi: unavyotumika ndivyo unavyozoea kazi. Mwalimu Mjerumani Kant alifundisha kwamba anayewatendea wanyama ukatili anakuwa mgumu hata kwa watu. Mwingereza Bentham, mwaka 1789, alikwenda mbali zaidi: si neno kama mnyama anaweza kufikiri ao kusema, neno ni kama anaweza kuteseka. Mimi sihitaji Kant wala Bentham kwa hilo. Nimeona darasani: mtoto anayefurahia kumchoma panya kwa moto, mara nyingi ndiye anayempiga mdogo wake nyuma ya shule. Na kubeba kuku ndani ya kitunga hakumnyimi mtu yeyote chakula.

Mukono wa koko

Lakini mwana wangu naye alikuwa na deni. Nilimwambia: «Kuku ilikwisha kufa. Ulipoikataa, ulimsaidia nani? Ulifanya mambo mawili mabaya: kuku alikufa bure, na koko alihuzunika.» Akanijibu: «Baba, nikila leo, kesho atanichinjia ya pili.» Nakiri kwamba sikupata jibu usiku ule. Wote wawili tulikuwa na haki, na haki mbili zikigongana, mzee ndiye anaumia.

Leo nadhani naona njia. Mama yangu hakutoa nyama. Alitoa mayai yake ya miezi yote, alitoa kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo. Ukaribisho ni hiyo sadaka, nyama ni nguo yake tu. Basi anayekataa nyama hana ruhusa ya kukataa sadaka. Atafute namna ya kuipokea katika nguo ingine, tena aseme mapema, kisu kisije kikatoka.

Wakati wa Pasaka kijana alituma habari siku nane mbele: «Koko, nina hamu ya maharagi yako na ndizi.» Akafika na chumvi, sabuni na kitunga cha kubebea kuku. Asubuhi alishika jembe, na mchana akaingia jikoni, akatwanga sombe. Majirani walicheka, maana kwetu kinu ni cha wanawake. Mama naye alicheka, kisha akaita jirani zake waje kuona. Tulipoketi kula, alimpakulia maharagi yeye wa kwanza, mbele ya sisi wakubwa. Kuku iliyobaki ilikuwa inachakura mlangoni.

Je, mama amekubali mawazo ya mjukuu? Hapana. Anasema hadi leo kwamba masomo mingi yanakausha tumbo. Na mimi bado ninakula nyama, sitaki kuwadanganya. Lakini siku hizi ninaponunua kuku sokoni, ninamshika chini ya mabawa, kichwa juu. Wauzaji wananitazama. Nawaambia tu: atakufa, ndiyo, lakini bado hajafa.

Ndugu wasomaji, desturi nzuri haiogopi maswali ya watoto wetu. Tuwaache waulize. Nasi tuwaombe neno moja: wanapomhurumia kuku, wasimsahau koko aliyemfuga.