Sisi Tukaao Bandarini

Somo: Matendo ya Mitume 18:1–11



Mtu asimamaye asubuhi na mapema pale Magogoni, Dar es Salaam, mahali kinapofika kivuko cha Kigamboni, huona watu wa kila namna. Adhana imekwisha kusikika kabla ya mapambazuko. Siku ya Bwana zitalia na kengele za makanisa mawili yatazamayo bandari, letu la Azania Front na lile la Mtakatifu Yosefu la ndugu zetu Wakatoliki. Wavuvi washusha samaki sokoni Feri, na wachuuzi wanadi kwa sauti kuu. Akiingia mjini mpaka Kisutu ataona mahekalu ya Wahindu, na maduka ya watu ambao babu zao walivuka bahari kutoka Bara Hindi, Arabuni na Ngazija. Wengine ni wa Uzaramo, wengine wa Unyamwezi, wa Uchaga, wa Unyakyusa, wa Uhaya. Wote wakaa mji mmoja, hata mara nyingi nyumba moja yenye vyumba sita na ua mmoja.

Hivyo ndivyo mji huu ulivyo tangu mwanzo wake. Hapo kale palikuwa na Mzizima, kijiji cha wavuvi, na Wazaramo walikuwapo. Katika miaka ya 1860 Majid bin Said, Sultani wa Unguja, alianza kujenga hapo, akafa mwaka 1870 kazi isipokwisha. Wajerumani wakaja mwaka 1887, na kanisa letu pale pwani likaanza kujengwa mwaka 1898. Kariakoo nako kuliitwa hivyo kwa ajili ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita vya 1914 hata 1918. Na hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilikuta katika mkoa wote watu 5,383,728. Basi karibu kila nyumba ina habari ya mtu aliyefika akiwa mgeni, akabisha hodi, akafunguliwa.

Lakini liko neno moja tulisikialo sana katika sharika zetu, nalo latuhuzunisha. Mkristo aliyekaa mjini miaka ishirini, ambaye watoto wake wote wamezaliwa hapa, akiulizwa habari za mtaa wake hujibu, "Mimi hapa si kwetu, napita tu." Neno hili laonekana dogo, tena la unyenyekevu. Lakini tuangalie matunda yake. Mtu huyo apata habari ya msiba wa kijijini kwao siku ile ile, akapeleka fedha yake kabla ya jua kuchwa. Ni vema. Lakini jirani yake amelala mgonjwa siku nne nyuma ya ukuta mmoja, naye hana habari. Asalimu watu wa lugha yake tu. Ibada ikiisha, wasimama nje mafungu mafungu, kila kabila na watu wake, na mgeni aliyeshuka juzi kutoka Lindi aondoka asiambiwe karibu na mtu hata mmoja. Mtu apitaye tu hadaiwi kitu na mji. Ndiyo sababu wengi walipenda neno hili: lawaondolea deni.

Sasa tusome habari za Korintho. Mji ule nao ulikuwa mji wa bandari, tena bandari mbili, Lekayo upande wa magharibi na Kenkrea upande wa mashariki. Warumi waliubomoa mwaka 146 kabla ya Kristo, na mwaka 44 Kaisari Yulio akaagiza ujengwe tena. Wakaletwa wakaaji wapya, wengi wao watumwa walioachwa huru, kisha wakafuata wafanyi biashara na mabaharia wa kila lugha. Ulikuwa mji wa wageni. Hata Akila, aliyempokea Paulo, alikuwa mzaliwa wa Ponto, naye alifika kutoka Italia kwa sababu Wayahudi walifukuzwa Rumi. Mgeni akampokea mgeni, wakashona hema pamoja, maana kazi yao ilikuwa moja.

Huko Paulo alipingwa, akatukanwa. Mtu angedhani kwamba ataondoka katika mji, au atajifungia pamoja na wachache waliomwamini. Lakini alihamia nyumba ya Tito Yusto, nayo, asema Luka, ilipakana na sinagogi. Hakwenda mbali na watu waliomkataa. Alikaa ukuta kwa ukuta nao. Ndipo Bwana akamtokea usiku katika maono, akamwambia asiogope wala asinyamaze, kwa kuwa Bwana alikuwa na watu wengi katika mji ule.

Wapenzi, tulitazame neno hili vizuri. Watu hao wengi walikuwa nani? Kanisa lilikuwa bado dogo. Wengi wao walikuwa hawajabatizwa, wala hawajasikia Neno. Walikuwa bado wakibeba mizigo pale Kenkrea, wakiuza na kununua, wakienda kwa miungu yao. Bwana aliwajua, Paulo hakuwajua. Basi tangu usiku ule Paulo hakuweza kumtazama mtu yeyote sokoni na kusema moyoni, "Huyu hanihusu." Naye akakaa mwaka mmoja na miezi sita. Mtume aliyezoea safari alikaa, maana Bwana alikuwa amemwonyesha kwamba mji ule haukuwa njia ya kupita tu.

Wako watakaotuuliza, "Tukiwakaribia sana watu wa dini nyingine, imani yetu haitachanganyika?" Swali hili si la kudharauliwa. Twajibu kwamba Paulo hakulificha Neno hata siku moja. Nasi hatumwonei haya Kristo, wala hatusemi kwamba njia zote ni moja. Jirani yetu Mwislamu naye hasemi hivyo, nasi twamheshimu kwa kusema wazi imani yake. Lakini kukiri imani si kudharau watu. Tukumbuke pia kwamba maneno tunayosali nayo, imani, rehema, neema, dhambi, baraka, yote yalitoka katika Kiarabu, yakatufikia kwa vinywa vya watu wa pwani. Mungu alikwisha kutukopesha kwa jirani tangu siku tulipoanza kumwomba kwa Kiswahili.

Tena Dk. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, atufundisha kwamba amri ya tano haitukatazi kuua tu, bali yatuagiza kumsaidia jirani katika shida zote za mwili wake. Na amri ya nane yatutaka tumtetee, tumnene mema, na kuyaeleza mambo yake kwa upande ulio mwema. Hakuandika kwamba jirani huyo sharti awe Mlutheri.

Na tusidhani kwamba jambo hili ni dogo. Mwezi wa Oktoba mwaka 2012, huko Mbagala, ugomvi wa watoto wawili juu ya Kurani ulikua kwa siku chache, hata makanisa yakachomwa moto, na la Kilutheri mojawapo. Moto wa namna hiyo hutafuta mahali ambapo watu hawajuani. Nyumba ambazo wazazi husalimiana, na watoto hula pamoja, ugomvi wa watoto waweza kuishia uani. Na mwaka ule ule, tarehe 18 Julai, meli iitwayo Skagit iliondoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ikazama karibu na Chumbe, watu wengi wakafa. Bahari haikuuliza dini wala kabila. Je, sisi tulio hai tuulize, kabla ya kwenda kumpa pole aliyefiwa?

Basi twafanyeje? Twawapa maneno manne, yaliyo mepesi kusema, na magumu kufanya.

Kwanza, salamu. Mkristo na awajue kwa majina watu wa nyumba zinazopakana na yake, mbele, nyuma na pande zote mbili. Asiyejua jina la jirani hawezi kumwombea ipasavyo.

Pili, msiba. Jirani akifiwa, tusingoje kuitwa. Tuchote maji, tuchange, tukae nao mkekani, twende nao makaburini kwa adabu ya mahali pale. Huko hatukani Kristo. Yeye naye alilia penye kaburi la Lazaro.

Tatu, sauti. Mikesha na kwaya zetu ni kwa utukufu wa Mungu. Lakini kipaza sauti kilichoelekezwa dirishani kwa mama mwenye mtoto mgonjwa, saa nane za usiku, si ushuhuda. Wazee wa Kanisa na waende wenyewe kwa majirani, wawaulize, wapatane juu ya saa. Tukitaka wengine watuvumilie, sisi tuanze.

Nne, mizani. Wengi wetu twauza na kununua sokoni. Samaki wa jana wasiitwe wa leo. Mnunuzi asiyejua bei kwa kuwa ni mgeni asilipishwe mara mbili. Watu wa bandarini husoma mikono yetu kabla hawajasoma Biblia yetu.

Ninyi wainjilisti na walimu, twawaomba jambo moja. Mwanafunzi wa ubatizo au wa kipaimara akija kuulizwa, baada ya Amri na Imani mwulizeni hili pia: "Jirani yako ni nani, naye ana shida gani mwezi huu?" Asipojua, msimkemee. Mrudisheni nyumbani akaulize, aje Jumapili ya pili. Nanyi wenyewe mjiulize kwanza.

Twajua kwamba kuna majirani wagumu. Wako watakaoikataa salamu, na watakaodhani kwamba twawategea mtego. Paulo naye alikutana na hao, hata wakampeleka mbele ya Galio. Lakini huko huko Kenkrea, bandarini, Bwana alimwinua Fibi, mhudumu wa Kanisa, ambaye Paulo alimshuhudia kwa Warumi kwamba alikuwa msaada wa watu wengi, na wake yeye mwenyewe. Mtume alisaidiwa na mtu wa bandarini. Pengine na sisi msaada wetu utatoka mlango ambao hatujaubisha hodi bado.

Na tuombe: Ee Bwana, wewe uwajuaye watu wako katika mji huu, utuondolee hofu na kiburi. Uwalinde wavukao maji na wavuao usiku. Utupe macho ya kumwona jirani, na miguu ya kumwendea, kwa ajili ya Yesu Kristo, Bwana wetu. Amin.