NI NANI ATASIMAMA PAMOJA NAYE?



Vijana wetu wanaosoma katika vyuo vikuu vya hapa Bukavu wanauliza mara nyingi juu ya Israeli. Wanajua yaliyotokea tarehe 7 Oktoba 2023, watu wa Hamas walipoua watu wapata 1,200 na kuchukua mateka wapata 250. Kati ya waliouawa walikuwa vijana wawili Watanzania waliokwenda huko kujifunza kilimo. Wanajua pia vita iliyofuata Gaza, iliyoua makumi ya maelfu ya watu, na jinsi vyuo vikuu vya Marekani vilivyogawanyika mwaka 2024. Basi wanauliza: mwanafunzi Myahudi anayetaka kuitetea Israeli mbele ya wenzake wenye hasira, atafute msaada wapi? Na sisi tunaojiita marafiki wa Israeli, tumsaidie namna gani?

Tusidhani hilo ni jambo la Marekani tu. Karibu na mji wa Mbale, mashariki ya Uganda, wanaishi Wayahudi weusi kama sisi, wanaoitwa Abayudaya. Ni elfu chache tu. Mwanzo wao ni Semei Kakungulu, mkuu wa vita aliyewatumikia Waingereza, kisha akakosana nao. Alikaa kwanza katika kanisa la Bamalaki, kanisa lililoanzishwa na Waafrika wenyewe na lililokataa dawa za wazungu. (Wazee wetu wataelewa jambo hilo bila kufundishwa.) Halafu, mwaka 1919, akatahiriwa pamoja na wanawe, akashika Torati ya Musa. Idi Amin aliwafukuza Waisraeli nchini mwaka 1972, akakataza na dini ya Abayudaya. Wengi waliiacha. Waliobaki walisali kwa kujificha mpaka Amin alipoanguka mwaka 1979. Waliowasha moto tena katika miaka ya 1980 walikuwa vijana.

Sasa tumfikirie mwana wa watu hao akiingia chuo kikuu. Anakuta mitihani siku ya posho, ambayo ni sabato yake. Wanafunzi Wasabato waliishtaki Makerere juu ya jambo hilo, wakashindwa mwaka 2003, na tena mbele ya Mahakama Kuu ya mwisho mwaka 2006. Anakuta wenzake wanaomwuliza habari za Gaza kama kwamba yeye ni balozi, na yeye hajapata kuiona hata ndege ya kwenda huko. Anakuta na Wakristo waipendao Israeli wanaomcheka: Myahudi gani mweusi?

Israeli yenyewe nayo haijampokea vizuri. Mwezi Desemba 2017 kijana Myahudi wa Kenya aliyekwenda kusoma Yerusalemu alizuiwa kwenye uwanja wa ndege, akarudishwa. Mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli ilimnyima Mwabayudaya mmoja haki ya kuhamia huko kama Myahudi. Mtu anaweza kusema: kwa nini basi awatetee wasiomfungulia mlango? Mimi naona neno lake lina uzito zaidi kwa sababu hiyohiyo. Hakulipwa.

Lakini msaada wa kumtosha ni upi? Usiwe ule wa wakubwa. Sisi tulioishi Zaire tunaujua. Mobutu alijifunza kuruka na parashuti huko Israeli mwaka 1963. Mwezi Oktoba 1973 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York akakata urafiki, akieleza kwamba kati ya rafiki na ndugu amemchagua ndugu, maana yake Misri. Mwaka 1982 akaurudisha. Serikali zinapima faida zao, na kijana akiegemea hapo ataanguka siku zinapohama.

Usiwe pia ule wa kelele. Wako watakaompigia makofi kwa sharti kwamba asikubali kosa lolote la upande wake. Hao wanamfanya kipaza sauti. Na wako wengine watakaomnyima hata kiti mpaka kwanza awalaani watu wake. Hao nao wanamdhulumu. Mtoto wa Kivu anayesoma Kampala au Nairobi anajua uchungu huo: anapoulizwa juu ya watu wenye silaha ambao hakuwatuma, na kabila lake linatajwa kabla ya jina lake.

Sisi kanisa la unabii tungepaswa kuona hapa kuliko wengine. Nathani aliingia kwa Daudi akamwambia dhambi yake usoni, wala hakuhama kwenda kwa adui zake. Amosi alisema maneno makali kuliko ya jirani yeyote, na alikuwa mtu wa watu haohao. Kijana anahitaji rafiki wa namna hiyo: atakayekaa karibu naye wakati wa matusi, akilia naye kwa waliouawa na kwa mateka, na atakayemwacha pia amlilie mtoto wa Gaza bila kumwita msaliti. Eliya naye alidhani amebaki peke yake, na Bwana akamwonyesha elfu saba ambao hakuwajua.

Wakati mwingine hao elfu saba ni majirani tu. J. J. Keki, mmoja wa viongozi wa Abayudaya, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001 majengo yale yalipopigwa. Aliporudi Mbale alipita nyumba kwa nyumba kwa Waislamu na Wakristo, na mwaka 2004 wakaanzisha pamoja ushirika wa kahawa, Wayahudi wakiwemo. Hawakukubaliana dini wala siasa. Waliuza kahawa pamoja.

Hapa Bukavu nyota ya Daudi utaiona kwenye taxi na kwenye kuta za makanisa. Wengine watasema: lakini Myahudi huyo hamkiri Yesu. Ni kweli, na hatuwezi kulificha hilo. Lakini tulipochora nyota ile hatukumwuliza mtu anakiri nini. Basi kijana wa Mbale akija kusoma hapa, akakosa somo la siku ya posho, nani kati yetu atamwazima daftari?