Mvivu Mwenye Ghala Lililojaa

Mtu akitoa neno la uwongo, si lazima tuanze kwa kumbishia. Pengine yafaa kumkubalia kwanza, kisha tuandamane naye mpaka aone mwenyewe alikofika. Wahenga walisema, njia ya mwongo ni fupi.

Tutwae mfano wa nchi ya Wamatumbi, kaskazini ya Wilaya ya Kilwa, ziliko Kinjumbi, Kipatimu na Nandete. Tangu mwaka 1902, chini ya Gavana Götzen, serikali ya Wadachi ilianza kuwalazimisha watu wa pwani na kusini kulima mashamba ya pamba, wakisimamiwa na maakida na majumbe. Walowezi na wakubwa wengi wa siku zile walisema kwamba Mwafrika ni mvivu, hafanyi kazi asiposhurutishwa.

Haya, tukubali. Ikiwa watu wale walikuwa wavivu, shamba la pamba liliwapotezea usingizi tu. Lakini wao walinung'unika kwamba pamba iliwazuia kulima mashamba yao wenyewe. Ni mvivu gani anayelia kwa kutengwa na jembe lake?

Tena tuulize: pamba ilimfaa mkulima, au haikumfaa? Kama ilimfaa, kiboko kilikuwa cha nini? Kama haikumfaa, kuikataa hakukuwa uvivu, bali akili.

Julai 1905 watu wa Nandete waliing'oa pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Ili kuwashinda, majeshi ya serikali yaliteketeza mashamba na maghala ya chakula, na njaa ikaua maelfu kwa maelfu. Hapo ndipo neno lile lilipojikanusha lenyewe. Ghala la mvivu huwa tupu, wala hakuna jemadari anayejisumbua kuchoma ghala tupu. Moto ule ulikiri kile ambacho kinywa kilikataa kukiri.

Hatusemi kwamba kila mtu ni hodari wa kazi. Wavivu wapo katika kila taifa. Twasema tu kwamba hukumu ile juu ya watu wote haiwezi kuwa kweli.

Nasi tujihadhari. Hata leo tunasikika tukiwaita wakulima wa sehemu fulani wavivu, tukiwa tumeketi mezani. Kabla ya kulirudia neno hilo, tutazame sahani iliyo mbele yetu, tujiulize ni nani aliyeijaza.