Jina, Mwenye Jina na Anwani ya Mtandaoni

Anwani ya mtandaoni ni jina linaloandikwa kwa kanuni. Tim Berners-Lee alizitunga kanuni hizo alipoanzisha wavuti katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva. Zilichapishwa rasmi Desemba 1994, na Januari 2005 yeye, Roy Fielding na Larry Masinter wakazipanga upya katika waraka uitwao RFC 3986, ambao unategemewa hadi leo. Hata hivyo, swali lililomo ndani ya anwani ni kongwe kuliko kompyuta: mtu akilijua jina herufi kwa herufi, amemjua mwenye jina kwa kiasi gani? Wanazuoni wa Kiislamu wamelijadili kwa karne nyingi kama suala la ismu na musama, yaani jina na mwenye jina. Kisiwani Pemba, ambako Uislamu ni dini ya karibu kila mkaazi, na ambako ardhi imehifadhi majina ambayo wenyewe hawajulikani tena, swali hilo lina mifano ya kutosha.

Ili kuona kazi ya maktaba ya programu, ichukuliwe anwani hii ya kubuni:

https://www.mfano.or.tz/pemba/wete/mtambwe?mwaka=1984#sarafu

Lugha ya Python ina maktaba iitwayo urllib.parse, na ndani yake mna amri ya urlsplit. Ikipewa anwani hiyo, amri hii huirudisha ikiwa vipande vitano. Cha kwanza, https, ni itifaki, yaani utaratibu wa mazungumzo baina ya kivinjari na seva. Cha pili, www.mfano.or.tz, ni jina la mwenyeji anayeulizwa. Cha tatu, /pemba/wete/mtambwe, ni njia ya kufikia kinachotakiwa ndani ya hazina ya mwenyeji huyo. Baada ya alama ya kuuliza huja ulizo lenye jina na thamani yake, mwaka=1984. Mwisho, baada ya alama ya #, huja kitambulisho cha sehemu ya ukurasa. Hiki hakipelekwi kwa seva kabisa. Hubaki kwenye kivinjari cha msomaji. Ile mikwaju miwili inayofuata itifaki haina kazi kubwa, na Berners-Lee mwenyewe alikiri mwaka 2009 kwamba ingeweza kuachwa.

La kuangaliwa zaidi ni mwelekeo wa kusoma. Jina la mwenyeji husomwa kutoka kulia: tz ni nchi, or ni kundi la taasisi zisizo za biashara, mfano ni taasisi yenyewe. Njia husomwa kutoka kushoto: kisiwa, wilaya, kijiji. Hivyo neno lililo pana kuliko yote limekaa katikati ya anwani, na jicho linaloanza kushoto halianzi na lenye uzito. Matapeli wanalijua hilo vizuri. Anwani kama https://wizara.go.tz@duka-lingine.com/ huonekana ya wizara, kumbe kila kilichotangulia @ ni jina la mtumiaji tu, na mwenyeji halisi ni duka-lingine.com. Amri ya urlsplit haidanganyiki hapo, kwa kuwa haisomi kwa mazoea. Hili ni fundisho kubwa kwa yeyote anayeandika programu ya kuchuja anwani: asitafute neno analoliamini ndani ya mfuatano wa herufi, aipasue anwani kwanza, kisha aulize jina la mwenyeji peke yake.

Herufi tz zenyewe zimetoka katika orodha ya kimataifa ya misimbo ya nchi, ISO 3166, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1974. Zanzibar ilikuwa dola yenye uhuru wake tangu tarehe 10 Desemba 1963 hadi Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964, miaka kumi kabla ya orodha hiyo kuwapo. Haina msimbo wake, na taasisi za visiwani hupata majina chini ya tz. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kwa mfano, kinatumia suza.ac.tz. Jina la mwenyeji basi linaeleza nani alilitoa na chini ya mamlaka gani. Halielezi mahali. Tovuti ya taasisi ya Wete inaweza kuwa ndani ya seva iliyoko Dar es Salaam au Ulaya, na anwani isibadilike hata herufi moja.

Ziko anwani zisizojitosheleza. Ukurasa wa Mtambwe ukiwa na kiungo kilichoandikwa ../chakechake tu, amri ya urljoin huchukua anwani ya ukurasa huo kuwa msingi, ikarudi nyuma hatua moja, ikatoa https://www.mfano.or.tz/pemba/chakechake. Kiungo hichohicho kikiwekwa katika ukurasa mwingine kitaelekea kwingine. Lugha ya watu nayo imejaa majina ya namna hii. Mtu wa Konde, Pemba, akisema anakwenda mjini, na mtu wa Bububu, Unguja, akasema vivyo hivyo, hawatakutana. Hata jina Pemba, linaloonekana kamili, lina msingi uliofichika: mji mkuu wa jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, ulioitwa Porto Amélia wakati wa Wareno, nao unaitwa Pemba. Anayesikia jina hilo Chake Chake na anayelisikia Msumbiji wanaongozwa na kitu ambacho hakikutamkwa.

Kuhusu herufi zenyewe, kanuni inaruhusu chache tu. Nafasi tupu huandikwa %20, na kila herufi ya Kiarabu hugeuzwa kuwa alama sita. Herufi ba, kwa mfano, huwa %D8%A8. Jina la kisiwa likiandikwa kwa herufi nne za Kiarabu kama zilivyotumiwa na waandishi wa pwani kwa karne nyingi, hufika kwa seva likiwa na alama ishirini na nne. Amri ya quote hufunga na unquote hufungua. Mpangilio wa kazi hii una sharti moja lisilokiukwa: anwani hupasuliwa kwanza, kisha vipande hufunguliwa, tena mara moja tu. Mkwaju uliofungwa kama %2F ni sehemu ya jina. Ukifunguliwa kabla ya kupasua, hugeuka mpaka, na jina moja huwa mawili.

Ugumu hasa uko kwenye kulinganisha. Anwani mbili zikitofautiana, je, zinaita vitu viwili? RFC 3986 inatoa jibu la tahadhari. Tofauti nyingine ni za sura tu: jina la mwenyeji halijali herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo WWW.MFANO.OR.TZ na www.mfano.or.tz ni jina moja. Namba ya mlango 443 inaweza kuachwa kwa kuwa ndiyo ya kawaida kwa https. Njia haina ruhusa hiyo: /Pemba na /pemba huenda zikawa kurasa mbili. Na hakuna maktaba inayoweza kujua, kwa kuangalia herufi tu, kama /pemba/chake na /pemba/chakechake zinafika kwenye ukurasa mmoja. Majina yakilingana, programu inaweza kusema kitu kinachoitwa ni kimoja. Yasipolingana, haina la kusema.

Kwa kuwa kukosea hakuepukiki, waraka huo umechagua kosa la kuvumiliwa. Ni afadhali kushindwa kutambua kwamba majina mawili ni ya kitu kimoja kuliko kudai umoja pasipo na umoja. Kosa la kwanza hupoteza muda, kwani programu hupakua ukurasa uleule mara mbili. La pili huharibu, kwani humpa msomaji kisicho chake. Kadhi anayegawa mirathi Wete au Chake Chake yuko katika hali hiyohiyo: watu wawili wanaweza kushirikiana jina lao, la baba na la babu, na kuchelewesha fungu hadi mashahidi waje ni jambo dogo mbele ya kumkabidhi mtu fungu la mwenziwe.

Mwaka 1892 mwanafalsafa wa Ujerumani Gottlob Frege aliliweka swali hili kwa mfano wa sayari ya Zuhura. Nyota ya asubuhi na nyota ya jioni ni sayari moja, lakini kulijua hilo kulihitaji uchunguzi wa mbingu. Kuyatazama maneno kusingetosha. Frege akatofautisha kinachotajwa na namna kinavyoletwa akilini. Zaidi ya miaka mia saba kabla yake, mwanazuoni wa Kiislamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikuwa ameshaingia katika mzozo mkali zaidi. Wanatheolojia wa Kiislamu waitwao Muutazila walisema jina si mwenye jina, kwa kuwa majina ni maneno yaliyoumbwa. Wapinzani wao walihofia kwamba kauli hiyo ingefanya majina ya Mungu kuwa viumbe, na baadhi yao wakasema jina ndilo mwenye jina. Katika kitabu chake al-Maqsad al-Asna, kinachofafanua majina mazuri ya Mungu, al-Ghazali alipambanua mambo matatu: jina, mwenye jina, na tendo la kuita jina. Kila moja ni kitu mbali.

Upambanuzi huo unaieleza maktaba ya programu vizuri kuliko maelezo mengi ya kisasa. Urlsplit inashughulika na jina peke yake. Ikipewa anwani ya tovuti ambayo haijawahi kuwapo, huipasua kwa uhodari uleule, na wala haikagui kama anwani ni sahihi. Kumfikia mwenye jina ni kazi ya sehemu nyingine, inayotoka nje kwenda kuiuliza seva. Anayechanganya kazi hizi mbili huamini kwamba anwani iliyoandikwa vizuri ni ushahidi wa kuwapo kwa kitu.

Pemba ina ushahidi wa kinyume. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, karibu na Wete, iligunduliwa akiba ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa ndogo za fedha, pamoja na chache za dhahabu. Sarafu za fedha zimeandikwa majina ya watawala kwa Kiarabu, kwa mtindo wa jina la mtu na la baba yake, kama vile Ali bin al-Hasan. Muundo unasomeka wote. Lakini ni Ali bin al-Hasan yupi, na uhusiano wake na yule anayetajwa katika habari za Kilwa ni upi, maandishi ya sarafu hayawezi kujibu. Kwa baadhi ya watawala hao, sarafu ndiyo karibu habari yote iliyobaki.

Qanbalu ni mfano mzito zaidi. Al-Masudi, msafiri wa karne ya 10, alifika katika kisiwa cha jina hilo na kueleza kwamba Waislamu walikuwa wakiishi humo na kuzungumza lugha ya Zanji. Aliandika jina kwa watu waliojua njia ya baharini. Wao ndio waliokuwa msingi wake. Njia ilipobadilika na mji ulipokufa, jina likabaki vitabuni bila kiungo cha kufika. Wako waliolipeleka Madagaska, wako waliolipeleka Komoro, na wengi sasa wanaelekea Pemba, hasa kwenye magofu ya Ras Mkumbuu, magharibi ya Chake Chake. Hoja yao ni nzuri, lakini imetokana na ufinyanzi, misikiti na vipimo vya safari, wala haikutoka ndani ya herufi za Qanbalu.

Linabaki tendo la kuita jina, na hapa ndipo penye wajibu. Mwenyeji anapotangaza anwani, huingia katika ahadi na kila atakayeiandika daftarini au kitabuni. Berners-Lee alilisisitiza hilo mwaka 1998: anwani hazibadiliki zenyewe, watu ndio wanaozibadilisha. Itifaki ya wavuti imeweka majibu haya matatu, miongoni mwa mengine, kwa jina la zamani. Namba 404 husema kitu hakikupatikana, bila kueleza kama kiliwahi kuwapo. Namba 410 husema kilikuwapo na kimeondolewa. Namba 301 husema kimehama moja kwa moja, na hutaja anwani mpya. Tovuti nyingi za taasisi zikifanyiwa ukarabati huishia kwenye 404, jibu lisilokiri chochote, ilhali 301 huhitaji mstari mmoja tu katika mipangilio ya seva kwa kila anwani iliyohama. Taasisi za Pemba zinazoweka mtandaoni ripoti, ramani na kumbukumbu za kisiwa ziandike mistari hiyo kabla ya kufunga tovuti ya zamani, na ziiache humo kwa muda wote ambao kuna karatasi yenye anwani ya kwanza.